Laini ya Bibi Odilia

Mama Bryson ndiye aliyeleta habari kwamba Bibi Odilia hana alama za mtu kwenye vidole vyake. Alinikuta bombani asubuhi, ndoo yangu inajaa polepole, Rebeka nimembeba mgongoni. Hakuanza na salamu. Aliinama kama anayesuuza ndoo yake, akasema mashine ya wakala wa simu kule mjini imemkataa yule bibi kidole kwa kidole, mpaka kile kidogo cha mwisho.

"Mashine haina ugomvi na mtu, mama Rebeka," akasema. "Ikikukataa, ujue haikuona mtu."

Nikamuuliza imeona nini basi. Akacheka puani. Akasema mimi ni mgeni, nimekuja juzi na ng'ombe zetu, siwajui watu wa hapa, wako waliokwisha kuzikwa na bado wanachota maji pamoja nasi. Akajitwisha ndoo yake akaondoka, akaniachia maneno hayo kama mtu anayekuachia mtoto umshikie kidogo.

Siku ya mashine mimi nilikuwepo. Mkono wa Bibi niliushika mimi mwenyewe, nikaupangusa kwa ncha ya khanga yangu ili mashine isipate kisingizio. Kwa hiyo nilijua habari ilikotoka, na nilijua imegeuzwa wapi njiani.

Sisi tunakaa kwenye laini. Ndivyo tunavyopaita, ingawa shamba lenyewe la mkonge lilikufa zamani na mwenye mali haonekani. Ni vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, mlango baada ya mlango, walivyojengewa wakataji wa mkonge, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Mabati yameshika kutu na sakafu zimepasuka, lakini watu wamebaki, na wengine kama sisi tumeingia baadaye. Nilipoolewa na Shimba akanileta hapa, nilidhani Laini ni jina la kijiji. Nimesoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza kilichonibakia ni kidogo. Bibi Odilia ndiye aliyenionyesha kwamba neno hilo la wazungu lina watoto wengi, na yeye amekaa kwa karibu wote.

Tulijuana kwa sababu ya kamba. Shimba anakodisha maksai wa kulimia, na kamba za dukani zinawakata ng'ombe shingo. Watu wakamwambia kuna bibi kwenye laini ya mwisho anayesokota kamba za katani, ngumu lakini haziumizi. Nikatumwa. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, nyuzi nyeupe zimemwagika mapajani, anazisokota kwa kiganja bila kuziangalia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama mimi, kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu zaidi, akasema mtoto ana usingizi na mama yake ana njaa, niingie ndani kuna mihogo.

Tangu siku hiyo nikawa naenda kwake jioni. Kazi yake haikumzuia kuongea, na mimi nikimnyonyesha mtoto huwa sina pa kwenda.

Bibi ni mtu wa milimani, Vidunda. Baba mkwe wake aliletwa huku kwa laini ya reli, ndani ya behewa, akiwa manamba, yaani wale vibarua waliochukuliwa mbali kuja kukata mkonge na kuitwa kwa namba badala ya majina. Mwanawe, Thadeo, alizaliwa humuhumu shambani. Siku moja Thadeo alipanda Vidunda kutafuta maharage, akashuka na maharage, na baadaye akapanda tena kumtafuta Odilia. Mjomba wake Odilia alikataa. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Akauliza, huyu mtoto wa manamba ukoo wake uko wapi, nani atakaa upande wa pili wa mkeka tuongee naye? Odilia akashuka bila ruhusa. Mjomba akatuma neno kwamba aliyeshuka ameshuka, na kama atataka kurudi, apande na mtoto wake, amkabidhi kwa wenyewe.

"Ukampeleka?" nilimuuliza.

Akasema Thadeo hakutaka. Thadeo alikuwa hana ndugu duniani, mtoto ndiye aliyekuwa ukoo wake. Akimwona mama anamfunga mtoto mgongoni kwa safari, anakaa mlangoni. Basi miaka ikaenda.

Huko shambani laini ilikuwa pia kazi. Alfajiri nyapara alimgawia kila mkataji laini yake, safu ya mikonge inayokwenda mpaka macho yanachoka, na hurudi nyumbani mpaka umeifikia mwisho. Wanawake walianika katani kwenye waya, nazo zile waya waliziita laini. Bibi alianika kwa miaka mingi. Thadeo alipoanza kukohoa damu, Bibi akachukua panga lake na laini yake, nyapara akajifanya haoni. Maji ya mkonge yanawasha kama upupu, na nyuzi zake zinakula ngozi taratibu. Anasema mwanzoni mikono ilimuuma, baadaye ikaacha kuuma, na hapo ndipo alipotakiwa kuogopa.

Thadeo alikufa. Shamba nalo likafa. Mikonge ikabaki inaota yenyewe vichakani, na Bibi akawa anaikata, anaiparua kwa mkono na kusokota kamba. Kamba zake ndizo zilizofunga mbuzi wa laini nzima, ndizo zilizoteka maji kisimani bomba likikauka, ndizo walizoanikia nguo. Hata Mama Bryson alianikia nepi za Bryson kwenye kamba ya Bibi.

Mtoto wao aliyebaki ni Evarist. Baada ya mazishi ya baba yake alikwenda Mikumi akapata kazi ya kuziba matairi ya malori. Akarudi kumchukua mama yake, amepanga chumba barabarani, kina umeme. Bibi akakataa. Alimwambia mtu haachi laini yake. Evarist akakasirika, akamwuliza laini ipi, mama, hii ya watu waliokufa? Akaondoka siku hiyohiyo. Lakini kabla ya kuondoka alimwachia kitochi chake, simu ile ndogo ya tochi, na ndani yake laini iliyoandikishwa kwa jina la baba yake. Akamwambia usiitupe hii laini, mama, namba nyingine zote nitazisahau lakini hii siisahau.

Kisha akapanda lori la mizigo la kwenda Tunduma, na baada ya Tunduma hatujui. Alikuwa anapiga, kila mara kwa namba ngeni, mara Pasaka, mara siku ya kawaida tu. Sauti ya magari nyuma. Anauliza kama mama amekula. Mara ya mwisho Rebeka alikuwa bado tumboni. Ukiipigia namba aliyotumia, anajibu mtu mwingine kwa lugha nyingine.

Kitochi hicho Bibi amekitundika shingoni kwa uzi wa katani, kama wenzake wanavyovaa rozari. Mimi nakichaji kwenye sola yetu. Nakichukua asubuhi, na mpaka nikirudishe yeye hasokoti kamba, anakaa tu anautazama mlango wetu.

Siku moja kitochini uliingia ujumbe, na mimi ndiye niliyeusoma. Ulisema laini ambazo wenyewe hawajahakikiwa kwa alama za vidole zitafungwa mwisho wa mwezi. Nikamsomea polepole. Akauliza aliyeandikishwa ni nani. Nikamwambia ni marehemu babu. Akasema basi twende, maana babu hataweza.

Wakala tuliyemwendea anaitwa Theodory, kijana mstaarabu, anakaa chini ya mwavuli wake huko mjini, pale Mabwerebwere. Alimwamkia Bibi, akampa kiti chake mwenyewe. Namba ya kitambulisho cha Bibi ilikubali. Kidole ndicho kilichokataa. Akajaribu gumba la kulia, la kushoto, akajaribu vyote. Akampaka Bibi mafuta kidogo, akampangusa, akajaribu tena. Mimi nikashika ule mkono, na hapo ndipo nilipouona vizuri kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa jua. Ncha za vidole zilikuwa zinang'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi. Hazikuwa na mstari hata mmoja.

"Bibi," Theodory akasema, na alisema kwa huruma, "vidole vyako vimekwisha."

Bibi akaviangalia kama vile ameletewa vya mtu mwingine.

Palikuwa na Mwalimu Yared, amekuja kununua vocha. Alinifundisha Kiingereza darasa la tano kule kwetu, sasa amestaafu na kuhamia huku, anatembea na mwavuli hata jua likiwa limefichwa na mawingu. Nadhani alitaka kutupunguzia aibu, maana watu nyuma yetu walikuwa wameanza kunong'ona. Akaniuliza, "Juliana, bado unalikumbuka neno hili linalowasumbua, lilikotoka?" Nikamwambia mwalimu, mimi nakumbuka ulivyonichapa tu. Akacheka. Akaeleza kwamba wazungu nao hawakulitunga hewani. Kule kwao kuna mmea, shina lake lina nyuzi ndefu, wanauloweka na kuuparua, ndio unaotoa kitani, kile cha kwenye Biblia. Jina la uzi wake katika Kilatini ndilo mama wa neno hilo. Kwanza lilikuwa uzi. Fundi akavuta uzi ili ukuta wake usipinde, basi na ile alama iliyonyooka ikaitwa hivyohivyo. Ikaja safu ya watu, safu ya nyumba, njia ya reli. Zikaja nyaya za simu juu ya nguzo. Sasa hivi waya haupo, kuna kikadi kidogo kama ukucha, lakini jina halijabanduka.

Bibi alikuwa anamsikiliza huku amekunja vidole vyake ndani ya viganja.

"Kumbe walianza kwa kuparua kama sisi," akasema. Alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Na vidole vyao je, vilibaki?"

Mwalimu Yared alisema tu kwamba Bibi ameuliza jambo ambalo hakulisoma mahali popote.

Theodory akatushauri. Kama hana vidole, laini iandikishwe kwa jina la mtu mwingine anayemwamini, ndugu au jirani, awe na kitambulisho na kidole chake. Lakini akasema mtu huyo ajue kwamba laini itakuwa yake yeye, lolote litakalofanywa kwa namba hiyo ataulizwa yeye. Mimi sikuwa na namba ya kitambulisho changu pale, kadi anaiweka Shimba ndani ya sanduku. Tukarudi nyumbani. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa amesimama mdogo wake Mama Bryson, na huyo alifika kabla yetu maana alipanda bodaboda.

Baada ya maneno ya bombani, mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Watoto wakaacha kukatiza mbele ya mlango wa Bibi. Mama mmoja akamwita mwanawe aliyekuwa anakula mihogo pale, akamtapisha kwa kidole. Kisha Bryson akashikwa na homa. Ni malaria, alipimwa akapewa dawa, na siku ya tatu alikuwa anacheza mpira wa makaratasi. Lakini homa ikishaingia kwenye habari kama hii haitoki. Wakasema bibi anatafuta vidole vya kubadilisha na vyake, ndiyo maana alikuwa anazunguka na mama Rebeka, kijana, mwenye mtoto mchanga. Wakasema atakayempa kidole kwenye mashine amempa kweli.

Nilimweleza Shimba ili tucheke wote. Hakucheka. Alikuwa anakula, akasukuma sahani.

"Kwa bibi yangu mzaa baba walianza na macho," akasema. "Walisema ni mekundu. Mtu amepikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yake yangekuwaje?"

Alikuwa ameniambia zamani kwamba bibi yake alifariki kabla hatujaoana, na mimi sikuuliza kwa nini. Akachukua maji akanawa mkono, chakula kikiwa hakijaisha. Kisha akasema sisi hapa ni wageni, tukiwa na ng'ombe tunalaumiwa kwa mashamba, tukisimama na yule bibi tutalaumiwa kwa watoto. Kitambulisho kitakaa sandukuni. Alisema kwa sauti ya chini na alikuwa anamtazama Rebeka, kwa hiyo sikuweza kumkasirikia vizuri.

Nilichokiona kesho yake sijawahi kukiona mahali pengine. Nilikuwa natoka kuuza vitumbua. Mlangoni kwa Bibi Odilia palikuwa na kamba. Kwanza niliona moja, kamba ya mbuzi ya Bonifas, mume wa Mama Bryson. Nilipita na sinia langu tena baadaye, zikawa nyingi. Watu walikuwa wanamrudishia kamba zake. Hakuna aliyegombana naye, hakuna aliyetukana, mtu anakuja, anaangusha yake kwenye kizingiti, anaondoka bila kugeuka. Kamba za kisima, kamba za vitanda walizozikata na wembe, kamba ndefu ya Mama Bryson bado ina kibanio kimoja cha nguo. Mbuzi wa laini nzima walikuwa wamefungwa kwa vitambaa na vipande vya chandarua, wengine wamekwisha kutoroka wanakula mahindi ya watu.

Niliweka sinia chini. Nikaona ndani ya lundo, karibu na chini, kamba nene yenye fundo jekundu la kitambaa. Ile ni ya dume letu jeusi. Fundo lile nililifunga mimi.

Bibi alikuwa ndani, mlango wazi, ameketi sakafuni. Amevuta kamba moja kutoka kwenye lundo na alikuwa anaisokotoa, anairudisha kuwa nyuzi. Kitochi shingoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema niingie, mtoto asipigwe na jua.

Nilikaa. Ile kamba ya fundo jekundu yeye alishaiona.

"Na ya Shimba ipo," akasema. "Usimgombeze. Ana mtoto."

Akaendelea kusokotoa. Kwenye kona niliona mkoba wake umefungwa, na jembe limefungiwa kando yake. Akaniambia anaondoka kesho, amepata nafasi kwenye gari la mkaa mpaka Mikumi. Pale atauliza tena kwenye vibanda vya matairi kama kuna aliyemsikia Evarist, kisha atashuka Kidodi na kupanda Vidunda kwa miguu. Mjomba alishakufa, lakini mtoto wa dada yake mdogo ndiye anayekaa kwenye kiti chake sasa. Watamwuliza mtoto yuko wapi, kwa sababu ndilo neno walilomwachia. Atawaambia yuko njiani. Nikamwuliza kama watampokea akipanda mikono mitupu. Alisema hajui. Alisema hapa pia hajui kama alipokewa.

Nikamwambia maneno ya watu yataisha, Bryson amepona. Nilijisikia nikiyasema kwa haraka, na sikuyaamini. Nilikuwa namfikiria bibi yake Shimba.

Rebeka alikuwa amemfikia Bibi kwa kutambaa. Akashika kidole chake, kile cha shahada, akakitia mdomoni kama anavyofanya kwa vidole vyangu. Niliona mkono wa Bibi ukitaka kurudi nyuma, akanitazama kwanza. Sikumwondoa mtoto. Basi akauacha.

Nje mbuzi walikuwa wanalia.

Kisha kwa mkono wa pili akaivua simu shingoni, uzi ukakwama kwenye kilemba, akauchomoa taratibu. Akaiweka juu ya khanga yangu, mapajani. Ilikuwa na joto la mwili wake. Alisema Vidunda kule kwao mtandao haufiki, labda upande kilele, naye magoti hayawezi. Akienda nayo itakuwa kama kuizika. Na hapa isipopata kidole, mwisho wa mwezi itazikwa vilevile.

"Sikuombi unijibu sasa," akasema. "Ongea na mume wako. Mwambie laini hii haitakuwa yangu tena, itakuwa yako, mimi sitaigusa, nitakuwa mbali. Sitaki kidole chako, mwanangu. Nataka mtu wa kuitikia."

Mtoto alikuwa amesinzia na kidole kile mdomoni. Bibi akashusha sauti.

"Akipiga, usimwulize alikuwa wapi. Mwambie mama amekula. Mwambie nimekubali kuacha laini, nimepanda Vidunda, na yeye apande anifuate, wanamngoja. Halafu umwache aongee. Utanifanyia hivyo, Juliana?"